Jino la Bitutu

Kwanza mlijue jino, maana bila jino hilo hakuna habari ya kusimulia hapa.

Ni jino la mbele, upande wa kushoto, na ncha yake imelika kidogo kwa kazi ya miaka ishirini na miwili. Mwenye jino anaitwa Bitutu, mke wa Motari fundi cherehani, Mkisii aliyefika kisiwa cha Rusinga akiwa bibi arusi na kukaa mpaka leo. Wanawake wa ufuoni humwita Mama Orina, kwa jina la kifunguamimba wake. Wakitaka kumtania humwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, ingawa mvi zake zote zimeotea hapo hapo ziwani.

Kazi yake ilikuwa kuuma omena. Msicheke. Wale samaki wadogo wakishaanikwa kwenye nyavu na kukauka, hutiwa magunia, na gunia halikushonwa mdomo kabla ya kupita kwa Bitutu. Alikuwa akizamisha mkono mpaka kiwikoni, kwa sababu juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu, akatoa omena ya chini kabisa, akainusa, akaivunja kwa jino lile. Kisha anasema. "Ya kwanza." "Ya pili." Na akiitema pembeni, "Ya kuku." Basi imekwisha, gunia hilo linakwenda kusagwa chakula cha kuku, mwenyewe apende asipende. Ogeto, mnunuzi mwenye lori aliyetoka Kisii kila Jumatano, alikuwa na swali moja tu: "Mama Orina ameuma?" Akiambiwa ameuma, anapakia bila kufungua gunia.

Alifanyia kazi hiyo juu ya kigoda cha miguu mitatu, chini ya kibanda cha mabati. Hakikuwa kiti cha maana. Lakini mgeni aliyekikalia bila kujua aliondolewa na wanawake kabla Bitutu hajafika, na hilo Bitutu alikuwa akiliona kutoka mbali na kujifanya hajaliona.

Sasa mjue Awino.

Awino, Mama Tony, aliolewa Rusinga miaka kumi na mitatu iliyopita, akaja hajui kutofautisha omena iliyokauka na omena iliyochoka. Bitutu ndiye aliyemfundisha. Alimketisha kando ya kigoda akamwambia, "Usitazame, nusa. Macho yanapenda kung'aa." Akajifunza kiasi. Lakini Mungu alikuwa amempa kitu kingine, nacho kilikuwa ulimi. Awino akienda kusaga mahindi akirudi ni hadithi ya saa nzima, na wewe umesahau chungu chako motoni. Wanawake walikuwa wakisogeza nyavu zao karibu na zake ili wamsikie. Bitutu naye alikuwa na mengi ya kusema, lakini Kijaluo chake kilitoka na Ukisii ndani yake, na akifika penye utamu mtu mmoja huchekea neno badala ya kuchekea hadithi. Akaacha kusimulia. Akawa mtu wa maneno mawili mawili: ya kwanza, ya pili, ya kuku.

Kwa hiyo wivu haukuletwa na simu. Ulikuwepo zamani, umekaa kimya. Simu iliukuta ikaupa chakula.

Simu ililetwa na Cephas, kijana wa watu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, kutoka kampuni moja ya Kisumu. Aliwaita wanawake wote wa kikundi akawaambia amewaletea akili bandia. Unapiga picha omena yako kwenye sinia, simu inaitazama, inakuambia ni ya daraja gani, na jibu hilo mnunuzi analiona huko huko aliko.

"Akili bandia?" mama mmoja akauliza. "Noti bandia tunazijua. Nywele bandia ninazo kichwani. Hiyo akili itanisaidia nini?"

Wakacheka mpaka Cephas naye akacheka, lakini alikuwa analia moyoni. Akaonyesha michoro ukutani. Wanawake wakasinzia. Akaja mara ya pili, wakaja sita. Mara ya tatu alikuta watu wawili na mbuzi. Bitutu alikuwa mmoja wa wale wawili, na alikuwa amekuja kwa furaha kabisa, kumtazama akishindwa.

Siku hiyo akirudi kwenye gari lake, Cephas akapita penye nyavu za Awino, akakuta umati umeketi mchangani. Awino alikuwa anasimulia habari ya jogoo wa jirani, habari isiyo na kichwa wala miguu, na hakuna aliyekuwa akipepesa macho. Cephas akasimama hapo mpaka mwisho. Kisha akamwita kando.

Wiki iliyofuata aliyesimama mbele ya kikundi hakuwa Cephas. Alikuwa Awino, amevaa fulana ya kampuni, ameshika simu ile. Na hakusema habari ya simu hata kidogo.

"Palikuwa na Dani mmoja," akaanza, na Dani kwa Kijaluo ni nyanya, bibi mzaa mzazi. "Hakusoma hata darasa moja. Lakini mpe omena moja akiwa amefumba macho, aiume, atakuambia: hii ilianikwa Jumanne, mvua ikaikuta alasiri, na mwenye nyavu alichelewa kuianua kwa sababu alikuwa anagombana na mumewe."

Kicheko kikapasuka. Bitutu hakucheka. Mkono ulimwenda mdomoni wenyewe. Hilo lilikuwa jino lake! Maneno hayo aliyasema yeye, juu ya kigoda kile, na mwenye nyavu aliyekuwa akigombana na mumewe siku ile alikuwa Awino huyo huyo.

"Watu walitoka mbali kuleta magunia kwa jino la Dani," Awino akaendelea, sauti imeshuka. "Sasa Dani akafa. Wakamzika na jino lake. Jumatano mnunuzi akaja, akauliza, Dani ameuma? Hakuna wa kujibu. Wanawake wakabaki wanatazamana na magunia yao, mpaka mjukuu mmoja akaenda kaburini akalia, Dani, yawa, jamani, kwa nini hukutuachia jino?"

Mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso. Ndipo Awino akainua simu.

"Jino la Dani ni hili. Lakini bado ni la mtoto mchanga, halijui kitu. Sisi ndio tutalifundisha kuuma."

Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, na siku hiyo hiyo wanawake thelathini na wanne wakaandikisha majina. Cephas alikuwa anatabasamu kama aliyetolewa jela. Na Bitutu? Bitutu alitembea mpaka nyumbani bila kumjibu mtu salamu, akaingia, akamsimamia Motari penye cherehani.

"Amenizika," akasema.

Motari akaondoa mguu kwenye pedali. "Nani?"

"Mama Tony. Amechukua jino langu, amelitia kwenye mdomo wa nyanya wa Kijaluo, kisha amemuua huyo nyanya. Na watu wamelia! Mimi niko hapa nimesimama, na wananililia!"

"Kumbe ni hadithi tu, mama."

"Hadithi tu!" Bitutu akafoka. "Kwani ningekuwa nyanya yake ningekosa jina? Ni kwa sababu mimi ni wa Kisii."

Motari ni mtu wa amani, Mwadventista wa kweli, na ndoa imemfundisha kwamba kuna maneno ambayo hayajibiwi. Akarudisha mguu kwenye pedali.

Mimi ninawaambia, roho ya kwa nini ni mgeni mbaya. Humpi kiti, anakaa. Bitutu alianza kuhesabu makofi aliyopigiwa Awino. Alijua siku ambazo Awino amejipaka mafuta mapya na siku ambazo Cephas amemletea soda. Kanisani siku ya Sabato, mhubiri alipofika kwa Sauli akisikia wanawake wakimwimbia Daudi elfu kumi zake, Bitutu alifunga Biblia akatoka nje, akajisemea ni joto.

Kisha ukaja wakati wa kuifundisha simu. Cephas alisema kila mwanamke alete omena yake, ya kila namna, ipigwe picha na ipewe daraja, mamia kwa mamia, ili simu ijue. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa ambalo hakuna mtu wa Kisumu angeliwaza.

Mwanamke wa ufuoni akisikia neno picha, ameshasikia sherehe. Picha ni kitu cha kuwekwa ukutani. Basi wanawake walijipamba. Nao waliipamba omena! Waliichambua samaki mmoja mmoja, waliovunjika vichwa wakatolewa, waliopasuka matumbo wakatolewa, wenye rangi ya kahawia wakatupiwa bata. Iliyobaki ilipangwa kwenye sinia inameta kama vijiko vya harusi. Cephas alipouliza, "Na ya kuku mnayo?" kila mmoja alimtazama jirani yake. Nani apeleke aibu yake ikapigwe picha na jina lake pembeni? Wachache, kwa kumwonea huruma, walichukua omena ile ile nzuri wakaiandika "ya kuku" ili kijana wa watu asiende mikono mitupu.

Bitutu aliyaona yote kutoka kwenye kigoda chake, kwa kuwa kazi ilikuwa imepungua na macho yalikuwa na nafasi.

"Ile simu haijaona omena mbovu tangu izaliwe," alimwambia Motari wakila ugali. Alikuwa anacheka. "Itasema kila kitu ni kizuri."

"Si uwaambie."

"Wakiniuliza nitawaambia."

Hakuna aliyemwuliza. Aliyekufa huulizwa nini?

Mwezi wa tatu Ogeto mwenyewe akakubali kununua kwa neno la simu. Aliyetazama magunia sasa ni Awino, na siku ya kwanza ya kazi Bitutu alifika kibandani akakuta kigoda chake kimesogezwa kwenye mwanga. Juu yake pamewekwa sinia la kupigia picha.

"Mama Orina, samahani," Awino akasema kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliouma zaidi. "Urefu wake umefaa sana. Nikuletee kiti cha plastiki?"

"Mimi ninasimama," Bitutu akasema.

Akasimama. Akatazama magunia yakipita, kila gunia ya kwanza, ya kwanza, ya kwanza, wanawake wakishangilia. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Ndipo likapita gunia la saba, na hata kabla halijafunguliwa, harufu ikamfikia. Si kali. Mtu mwingine angesema ni ziwa. Lakini Bitutu aliijua kama anavyojua kikohozi cha mumewe: omena iliyolowa, ikalazwa ndani mbichi mbichi, ikaanikwa tena na kuchanganywa na kavu. Na gunia lilikuwa la nani? La Awino mwenyewe.

Jamani, utamu alioupata moyoni ni bora nisiueleze. Awino alikuwa amechota ya juu, akaipiga picha. Simu ikasema ya kwanza. Awino akasita kidogo, akatikisa pua, kisha akatazama tena kile kioo, akashona gunia. Bitutu alikuwa hatua nne kutoka hapo. Neno moja tu lilitakiwa. Akalimeza, na lori likaondoka.

Jumatano iliyofuata, Ogeto hakuja kupakia. Alishuka kwenye lori akaliacha likinguruma, akatupa chini gunia lililobaki nusu.

"Hili nililiuza Macalder," akasema. "Kwa mama anayewapikia wachimba dhahabu. Wachimbaji wanane wamelala zahanati wanatapika. Wamemwaga sufuria yake barabarani. Mimi wamenitaka shingo. Nimekuja kuwaambia jambo moja: mnipe jino au mnipe simu inayojua kazi. La sivyo lori hili halivuki tena daraja la Mbita kuja hapa."

Wote waligeuka wakamtazama Awino, kisha wote wakageuka wakamtazama Bitutu. Mama aliyefuta machozi kwa leso siku ile ndiye aliyekwenda penye kigoda, akaondoa sinia, akakipangusa kwa mkono. "Mama Orina," akasema, "rudi ukae."

Hapo, wasomaji wangu, mtu alikuwa amepewa kila alichokitaka. Kiti kilikuwa wazi. Adui alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya watu. Lakini Bitutu alisikia neno moja tu katika maneno yote ya Ogeto, nalo ni Macalder. Akakipa kigoda mgongo.

"Kesho," akasema. "Leo sijisikii vizuri."

Motari alimkuta ameketi mlangoni na beseni la mboga ambazo hazijachambuliwa. Alipoulizwa, alisema tu, "Ni ile habari ya Macalder," na Motari akakaa kando yake. Yeye peke yake duniani ndiye aliyeijua habari hiyo, na hata yeye aliambiwa mara moja tu, miaka kumi na sita iliyopita, kisha wakaomba wakaifunga.

Asubuhi Cephas alikuwa amefika. Alikuwa amezitazama picha zote usiku kucha, na sasa alilijua kosa. Aliwakusanya wanawake kibandani, Ogeto, aliyelala huko kungoja jibu, akiwa ameegemea lori lake, akawaambia waziwazi: simu haijafundishwa ubovu. "Wamama, nawaomba. Kila mtu alete mbovu yake. Iliyolowa, iliyooza, iliyoliwa na funza. Bila hiyo hatuna kitu."

Hakuna aliyejongea. "Yangu yote ni nzuri," mmoja akasema. "Mimi huanua mapema," akasema mwingine. Wanawake thelathini na wanne, na hakuna aliyewahi kuharibikiwa na omena hata moja! Nyani haoni kundule.

Awino akasimama. Fulana ya kampuni ilikuwa na makunyanzi na macho yake yalikuwa mekundu. "Palikuwa na Dani mmoja," akaanza. Lakini hadithi ile ilikuwa ya mtu hodari, na waliokuwa wamekaa pale walihofia kuonekana si hodari. Haikuwafungua. Ilizidi kuwafunga. Akafika kaburini akanyamaza mwenyewe, akabaki amesimama na simu mkononi.

Bitutu alimtazama. Na niseme ukweli wote, hata pale wivu ulikuwa ukimwambia kaa, mwache aanguke, kesho utauma na watakupigia makofi wewe. Alikuwa karibu kuusikiliza. Kisha akaona gunia la Ogeto, nusu tupu, limelala ubavu mchangani.

Akaenda akakaa kwenye kigoda. Watu wakapumua, wakidhani ameanza kazi.

"Mficha uchi hazai," Bitutu akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyo Dani wa Mama Tony alikuwa mzuri mno. Mimi nitawaambia habari ya mwingine. Huyu hajafa.

"Mwaka Orina alipokuwa darasa la nne, mvua ilinyesha siku tatu, na omena yangu ikalowa. Yangu mimi, muumaji. Niliilaza ndani, nikaianika tena, nikaiuma, jino likaniambia ya kuku. Nikachukua nzuri nikaitandaza juu. Hapa singeweza kuiuza, mngejua. Nikaipeleka mwenyewe mpaka Macalder, kwa Mkuria mmoja, Mama Gisiri, aliyekuwa na kibanda cha kupikia wachimba dhahabu. Mwanamke mzuri. Alinipa chai. Akaniuliza, Mama Orina, hii umeuma? Nikasema, nimeuma."

Akaligusa lile jino kwa kidole. Ziwa lilikuwa likipiga mawe.

"Na sikudanganya! Nilikuwa nimeuma. Aliniuliza kama nimeuma, hakuniuliza jino lilisema nini. Wachimbaji waliugua. Walivunja kibanda chake, vyungu vyake, kila kitu. Nilisikia hapa hapa, nimekaa kwenye kigoda hiki, kwa mtu aliyesema walikuwa wanamtafuta mchawi aliyemroga Mama Gisiri. Nikauma gunia lililofuata. Sijawahi kurudi kumwambia kwamba haikuwa uchawi."

Mtu akasema "yawa" kwa sauti ndogo.

"Ngojeni, sijamaliza. Gunia la saba, hili. Siku ile nililinusa. Nilikuwa nimesimama hapo penye nguzo. Nikanyamaza. Nilitaka simu iaibike. Nilitaka Mama Tony aaibike, kwa kuwa mlimpigia makofi na mimi hamkuwahi. Basi Macalder wameugua tena, na tena ni kwa mkono wangu. Mara ya kwanza nilisema, mara ya pili nilinyamaza. Sasa mnaweza kunitoa kwenye kiti."

Ogeto alikuwa amevua kofia. Kisha kutoka nyuma sauti nene ya mama yule mwenye nywele bandia ikasema, "Mimi nina beseni nyuma ya choo. Limejaa funza. Mume wangu anadhani ni mbolea."

Kicheko kilichotoka hapo kilishtua bata. Mwingine akasema yake iko chini ya kitanda. Mwingine akasema, "Ile mliyoisifu Pasaka nilikuwa nimeipaka mafuta." Waliondoka wakikimbia, wakarudi na mabeseni, mifuko, sufuria zenye vifuniko, na kibanda kikanuka mpaka Cephas akafunga pua kwa tai yake. Walikuwa wakisukumana kupigwa picha. "Anza na yangu, yangu ndiyo imeoza zaidi!"

Awino peke yake hakukimbia. Alilivuta lile gunia la Ogeto mpaka miguuni pa Bitutu.

"La saba lilikuwa langu," akasema mbele ya wote. "Nilinusa pia. Lakini simu ilisema ya kwanza, nikaona aibu kubishana nayo."

Akachota ya chini kabisa kwa mkono mpaka kiwikoni, akamkabidhi Bitutu. Bitutu akaiuma, akaitema pembeni.

"Ya kuku," akasema, na Awino akapiga picha.

Msidhani wakakumbatiana wakaishi kwa raha mustarehe. Simu ilijifunza, ndiyo, na baada ya majuma machache ilikuwa inakataa magunia bila kuangalia uso wa mtu. Yenyewe ikitilia shaka, gunia huletwa kwa jino. Jumapili moja Bitutu alipanda gari na Motari wakaenda Macalder kumtafuta Mama Gisiri, wakaambiwa alihama zamani, hakuna anayejua alikohamia. Alirudi amechoka, hakutaka kula.

Na wivu? Ulikuwepo. Siku Cephas aliposema kikundi cha wanawake wa Magunga kinataka kuanza kutumia simu, na kwamba atakwenda na Awino kuwaeleza, Bitutu alihisi kile kidole cha moto kifuani kama zamani. Fulana mpya tena. Makofi tena.

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, Awino akaja nyumbani kwake. Hakuvaa ile fulana ya kampuni. Alisimama mlangoni akichezea ncha ya leso.

"Mama Orina, kesho naenda Magunga."

"Nimesikia."

"Ile ya Dani haitoshi. Itawafanya waogope kama ilivyowatisha wetu. Nataka ile ya Macalder."

Cherehani ya Motari ikanyamaza ndani.

"Siku ile ya Dani sikuiba kwa ubaya," Awino akasema haraka. "Ningesema ni wewe, wangesema simu inakunyang'anya kiti, wangekataa. Ndiyo maana nikamfanya nyanya. Nikamuua ili kiti kiwe wazi. Hata hii nitabadilisha. Nitasema ni mwanamke wa Muhuru, au wa Karungu. Hakuna atakayejua ni wewe."

Hadithi ya ushujaa wa Bitutu ilikuwa imekwenda bila jina. Sasa iliyobaki ilikuwa hii, ya aibu, na Magunga kuna soko, na sokoni kuna wanaomjua, na kutoka Magunga habari inaweza kutembea mpaka popote alipo Mama Gisiri.

"Isimulie yote," akasema. "Chai aliyonipa, usiiache. Na hilo la kunyamaza kwa wivu, usilipunguze. Lakini usiniue tena, Mama Tony. Na jina langu ulitaje."

"Hilo la wivu pia? Kwa jina?"

"Kwa jina."

Awino akalisema polepole, kama anayelijaribu mdomoni kwa mara ya kwanza. "Bitutu, mke wa Motari, wa Rusinga."

"Ndiyo," Bitutu akasema. "Na ukimaliza uwaambie yuko hai."